Nilimwambia Eliza Kwamba Unajiweza

Mpendwa Mama Zuhura,

Natumaini maumivu ya nyonga yamepungua kiasi cha kukuruhusu upate usingizi. Mimi sijambo, kwa namna ya mtu ambaye daktari amemwambia ale chochote anachokitamani. Miguu imejaa maji, moyo umechoka, na nikilala chali naishiwa pumzi, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, mito nyuma ya mgongo na kitabu kimoja cha jiografia mapajani badala ya meza. Daktari hakunieleza zaidi. Alinishika bega, akatoka nje kuzungumza na Sista Dafroza kwa sauti ya chini. Nimefundisha watoto karibu maisha yangu yote. Namjua mtu anayeficha jibu.

Wewe uko wodini, katika hospitali ya mkoa. Mimi nimebaki huku kwenye makao ya wazee, chumbani kwetu, na kitanda chako kimetandikwa vizuri mno. Siwezi kuja kukuona. Hata kufika bafuni sasa nashikwa mkono. Wanasema utarudi karibuni, na yawezekana ukarudi usinikute. Ndiyo maana naandika leo.

Hukuanguka kwa bahati mbaya, mke wangu. Uliangushwa na wivu wangu.

Wivu wangu unaujua kuliko mtu yeyote. Uliuona tangu ulipokuwa na meza ya dagaa pale sokoni Mwanga, na mimi mwalimu kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi. Baada ya vipindi nilikuja kukaa nyuma ya meza yako na gazeti, nikisema nakusubiri tuondoke pamoja, kumbe nawachunguza wanaume wanaonunua. Kulikuwa na yule nahodha wa boti wa Mwamgongo, mwenye meno meupe, aliyekuja kila mara akachagua dagaa taratibu kama anachagua dhahabu. Tukiwa njiani nikakuuliza, "Mtu wa Mwamgongo, kwao dagaa wamejaa mpaka juu ya mawe, anakuja kununua dagaa Mwanga?" Ulicheka mpaka ukashika ukuta wa duka la watu.

"Mwalimu, hata dagaa unawaonea wivu?" ukasema. "Basi kesho uza wewe, mimi nikae na gazeti."

Kesho yake nilikuja tena na gazeti langu. Ulinisogezea kigoda.

Lakini nahodha hakuwa lolote. Kilichonitesa kweli ni Kiha. Mimi ni mtu wa Ujiji, babu zangu walifika na misafara ya biashara wakaoa hapa, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichokuwa fahari ya familia. Wewe ulitoka Kagunga na lugha yako. Dada zako walipokuja kwa boti, na vifurushi vyao, na madumu ya mawese, mlikaa jikoni na Kiha kikamwagika, na kicheko chako kikawa kingine kabisa. Kilitoka tumboni. Mimi nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari, nasikiliza kicheko ambacho sijawahi kukipata. Nikiingia kutafuta maji, mlihamia kwenye Kiswahili kwa heshima, na kicheko kikapungua kikawa cha wageni. "Mnacheka nini?" "Mambo ya wanawake, Baba Zuhura."

Miaka yote hiyo ningeweza kujifunza. Nilijiambia ni lugha ya shambani, na hilo naliombea msamaha peke yake. Ukweli ni kwamba sikutaka kuwa mwanafunzi mbele yako.

Kisha kiharusi kikakushika upande wa kushoto. Zuhura, kwa kuwa kazi yake iko mbali na alikuwa akilia kila tulipozungumza kwa simu, akatutafutia makao haya, na kwa bahati tukapewa chumba kimoja. Nitakuambia jambo ambalo mume hapaswi kulisema. Nilifurahi. Sikufurahia ugonjwa, Mungu apishe mbali. Nilifurahi kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nawe peke yangu, na ulinihitaji kwa kila kitu.

Nilijifunza mwili wako upya. Nilijua kwamba mkono mgonjwa ndio unaoingia kwanza kwenye gauni, na wakati wa kuvua ndio unaotoka mwisho. Nilijua kwamba uji ukiwa mwepesi unapaliwa, na kwamba ukiinamisha kidevu unameza vizuri. Nilijua kusimama kushoto kwako tunapokwenda chooni, goti langu likiziba goti lako lisikunjike. Visigino vyako nilivipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, asubuhi na jioni visichubuke kwa kulala. Wewe uliniambia, "Mwalimu, umekuwa yaya." Nikajibu, "Yaya wa mtoto mmoja tu." Ukacheka kwa ule upande wa mdomo unaoweza kucheka.

Halafu akaja Eliza.

Unamjua vizuri kuliko mimi, lakini ngoja nieleze nilivyomwona mimi. Msichana wa Kagunga, mhudumu wa upande wetu, mrefu, anatembea akiburuza ndala. Kila asubuhi alipita vyumba vyote na fomu. Sista Dafroza, aliye mkuu wa wauguzi hapa, alikuwa ameweka utaratibu: kwa kila mzee, kuoga, kuvaa, kula, kwenda choo, kuinuka kitandani, na mbele ya kila jambo mhudumu aandike kama mzee anajiweza, anasaidiwa kidogo, au anasaidiwa kwa yote. Wahudumu ni wachache, na ni fomu hiyo inayowagawa. Mzee anayeandikwa anajiweza hupitiwa na kusalimiwa. Anayeandikwa anasaidiwa kwa yote huhamishiwa vyumba vya chini, jirani na ofisi ya wauguzi, na hapungukiwi na mtu wa kumshika.

Siku ya kwanza alisimama nje ya pazia letu. "Hodi!" Nikamwambia karibu. Akakuona, akakusikia ukijibu salamu, akaijua lafudhi. Akakusalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Bibi!" Nawe ukaitikia, na kabla sijaweka kikombe chini mlikuwa mmekwishafika Kagunga, mnaulizana watu na ukoo. Akasema neno, ukalijibu, na kikatoka kile kicheko cha jikoni. Cha tumboni. Nilikuwa sijakisikia tangu dada zako wafariki. Nilidhani kiharusi kimekiua.

Ningekuwa mume mwema ningemshukuru Mungu. Mimi nilikunja taulo.

Kuanzia siku hiyo nikawa nakuamsha mapema. Eliza alipofika na fomu yake ulikuwa umekwisha kuoga, umevaa, kanga imekaa kichwani, umeketi kwenye kiti kama bibi harusi. Nikawa simkaribishi ndani. Wewe unajua adabu za kwetu, na Eliza amelelewa katika hizo hizo: hodi ikipigwa, mgeni hasogei mpaka aambiwe karibu, na chumba cha mume na mke hakiingiwi ovyo hata kama ni makao ya wazee. Nilimjibu nikiwa nimesimama mlangoni, mkono kwenye pazia.

"Shikamoo, Mwalimu. Bibi ameamkaje?"

"Marahaba. Salama kabisa."

"Ameoga mwenyewe?"

"Anajiweza."

"Na chai?"

"Nimekwambia, mama, anajiweza."

Naye akaandika. Kama alichungulia, aliona mwanamke msafi aliyeketi wima. Kama alikuuliza wewe kwa juu ya bega langu, ulijibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri: nzuri tu, mwanangu. Nani kati yetu angemwambia binti wa watu asubuhi asubuhi kwamba hawezi kujitawaza? Fomu zote zilijazwa nje ya pazia, na zote zilikuwa na neno langu moja. Msaada niliokupa mimi haukuandikwa popote, kwa sababu mwenye kuutoa hakutaka kuugawa na mtu.

Hayo yangebaki kuwa upuuzi wa mzee kama moyo wangu usingegoma. Siku ile niliyozidiwa ulikuwa umekaa kitini. Uliniona nikishika ukuta. Wakanilaza kwenye machela, na Eliza akanifuata mpaka kwenye gari akiwa ameshika begi langu. Akainama dirishani. Hili ndilo ninalotaka ulisikie kama lilivyokuwa.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye unayekaa naye. Niambie, Bibi anahitaji kusaidiwa nini? Nitalala chumbani kwake ikibidi."

Nilikuwa na pumzi ya kujibu. Maneno yote yalikuwepo mdomoni: mshike kushoto, uji mzito, usimwache aende peke yake. Lakini niliwaona ninyi wawili chumbani mwetu, taa imezimwa, mnaongea Kiha mpaka usingizi uwachukue, na mimi sipo. Nikamwambia, "Hahitaji kitu. Anajiweza."

Akarudi ndani. Fomu ilisema hivyo, mume alisema hivyo, na wewe mwenyewe, alipokuuliza, ulimwambia asijisumbue. Alfajiri ya kesho yake ulitaka kwenda chooni. Ukasimama. Hapakuwa na goti la mtu mbele ya goti lako.

Niliporudi kutoka hospitali nilikuta kitanda kitupu. Tulipishana, mke wangu; mimi natolewa, wewe umekwisha kuingizwa wodi ya wanawake, na hakuna aliyeniambia mpaka nilipofika hapa. Sista Dafroza alivuta kiti, akaweka fomu zako juu ya shuka.

"Mwalimu, nisaidie," akasema. "Hizi zote zinasema Bibi anajiweza. Hospitali wananiambia mkono na mguu wa kushoto haifanyi kazi, na kwamba hilo si la juzi. Eliza alikuwa anaandika akiwa wapi, jikoni?"

Nikazipanga fomu zikae sawasawa.

"Kama binti ni mzembe, sema tu. Nitampeleka kufulia nguo, asiguse mzee tena. Na Bibi akirudi, kwa fomu hizi, atarudi chumba hiki hiki. Vyumba vya chini nina kitanda kimoja, na kuna watu wanakisubiri."

Nilipaswa kusema pale pale. Nikamwambia nimechoka, tuzungumze kesho. Na Sista alipotoka, wewe ukiwa umelazwa na nyonga iliyovunjika, nilijisikia mwepesi. Eliza angekwenda kufua. Ungerudi kwangu. Nililala usingizi mzuri, Mama Zuhura, na hiyo ndiyo sehemu ya barua hii iliyokuwa ngumu kuliko zote kuiandika.

Asubuhi Eliza alikuja, macho yamevimba. Safari hii alikuja kwa ajili yangu, maana sasa mimi ndiye mwenye fomu.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, Mwalimu. Unahitaji kusaidiwa nini leo?"

"Marahaba. Najiweza," nikasema. Ulimi umezoea.

Hakuandika. "Sista amesema tuandike tunachokiona, tusiandike tunachoambiwa."

"Haya, unaona nini?"

"Naona vifungo vimepishana, Babu. Shati limepanda upande mmoja kama paa la banda."

Nikajitazama. Kweli. Akainama kuvifungua na kuvifunga upya, na mikono yake ilikuwa baridi kwa kufua, kumbe alikwisha kuanza kujizoesha adhabu. Akiwa hapo karibu akaniuliza, bila kunitazama: "Bibi alikuwa hapendi mgebuka?"

"Kwa nini?"

"Siku uliyochukuliwa nilimpelekea, mchana na jioni, ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, nikamwachia. Kila nikirudi amekula nusu ya sahani, safi kabisa, na nusu nyingine hajaigusa. Samaki mzima yuko pale pale. Nikamuuliza, Bibi umeshiba? Akasema kimekwisha, mwanangu, asante. Nikaona ananitania."

Hukumtania. Kiharusi kilikunyang'anya upande wa kushoto wa kila kitu unachokitazama. Kilichoko kushoto kwako hakipo duniani. Ndiyo maana kila mlo nilingoja umalize nusu unayoiona, kisha nikageuza sahani, nawe ukashangaa kila mara, "Kumbe kuna zaidi!" Ulikuwa mchezo wetu. Sikuwahi kumwambia mtu. Na siku ile ulikaa na njaa mbele ya chakula, ukashukuru, kwa sababu mtu pekee aliyejua kugeuza sahani alikuwa ameona ni bora kufa nalo kuliko kumpa Eliza.

Nikamwambia. Nikaanza na sahani, nikaendelea mpaka mlangoni, mpaka kwenye gari, mpaka jana na Sista. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilitegemea anihurumie, kama watu wanavyowahurumia wazee. Hakunihurumia.

"Babu, ulinifungia mlango, halafu ukaniacha nilaumiwe kwa kutoingia," akasema. "Mimi nimelia nikijiuliza nilimkosea nini Bibi. Kumbe nilimkosea kucheka naye!"

"Ndiyo."

"Tulikuwa tunakusema wewe, unajua? Kila ulipokwenda kuoga, mimi nje ya pazia, yeye ndani. Anakuigiza unavyokunja taulo."

Basi nikajua mlichokuwa mnachekea. Sijui kama niliumia au nilipona.

Alikwenda kumwita Sista Dafroza, na mbele ya wote wawili nikatoa ushahidi wa mwili wako. Eliza aliandika. "Polepole, Mwalimu, mimi si karani wa mahakama," alisema zaidi ya mara moja. Nilieleza gauni, uji, kidevu, visigino, upande wa kusimama. Kila nilichokisema kilinitoka kama kitu kinachong'olewa. Eliza aliuliza maswali ya mtu anayetaka kujua kweli: sahani igeuzwe mara moja au mbili, goti gani lizibe goti gani, mafuta yapashwe moto au la. Nilitaka akosee. Nilitaka aandike kushoto mahali pa kulia nimsahihishe kwa kalamu nyekundu. Hakukosea.

Sista alipomaliza kusoma alivua miwani. "Mwalimu, angekuwa mwanafunzi wako amekuandikia majibu ya uongo mwaka mzima, ungemfanya nini?"

"Ningemrudisha darasa."

"Basi huna muda wa kurudi," akasema, na hakusema kwa ukali. Akaandika kwa mkono wake: anasaidiwa kwa yote. Kitanda cha chini ni chako. Eliza hatakwenda kufua. Atakuwa upande wako.

Kwa hiyo utarudi mahali ambapo hutaanguka wala hutakaa na njaa, na nimefanya hivyo kwa kukutoa mikononi mwangu. Usidhani wivu umeisha. Ninapoandika hapa namwona akikuinua, nawasikia mnanicheka, na kifua kinabana kwa sababu isiyohusiana na maji. Barua hii pia atakusomea yeye, kwa kuwa maandishi nayo utayaona nusu. Eliza, soma mpaka mwisho, na usicheke hapo.

Kulikuwa na jambo moja nililolibakiza. Sista alikwisha kusaini, fomu imekunjwa, na nikasema moyoni kwamba hili halimo kwenye kuoga wala kula, hili nitakwenda nalo. Ukiamka kutoka usingizi wa mchana, huwa hujui uko wapi. Unamwita mama yako, kwa Kiha, kwa sauti ya mtoto. Mimi nilikuwa nakushika mkono wa kulia na kukuambia maneno mawili tu ninayoyajua katika lugha yako, "Ndi hano," niko hapa, na wewe ukatulia.

Nilimwita Eliza arudi. Nikamwambia aliandike nalo. Akalisema kwa sauti ili ahakikishe amesikia sawasawa, na alilisema vizuri kuliko nilivyopata kulisema mimi maisha yangu yote, kama linavyosemwa kwenu.

Ukiamka ukalisikia, mke wangu, tulia. Hata kama sauti si yangu.

Mumeo,
Baba Zuhura